Mhariri, tuambieni jua limekunywa milimita ngapi

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo wa Jumamosi iliyopita uliwashauri wakuzaji wa sukuma wiki wanyunyizie maji asubuhi na jioni, eti kwa kuwa mboga hii hupenda maji mengi. Naomba nafasi nijibu. Ushauri huo si wenu peke yenu. Nimeusikia redioni, nimeusikia kwa muuza mbegu, na nimeusikia kwenye video ambazo wajukuu hunionyesha kwa simu. Kasoro ni ile ile kila mahali: hakuna anayetaja kiasi. Asubuhi na jioni ni saa, si kipimo. Anayemwaga kikombe mara mbili ametii, na anayefungulia mpira hadi kuku wakakimbilia juu ya ukuta naye ametii.

Mimi nalima Ruai, kwenye ploti ya 50 kwa 100. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa ukubwa huo, lakini kwa wa mbali ni futi 50 kwa futi 100, yaani mita za mraba 464 hivi. Nyumba imechukua sehemu yake, kibanda cha kuku kimechukua yake, njia ya kupita nayo yake, na mboga zimebaki na mita za mraba 200. Sehemu kubwa ni sukuma, spinachi kiasi, vitunguu kwenye kona. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa stoo kule Eneo la Viwanda, kwa hivyo nina ule ugonjwa wa kutaka kujua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Maji nanunua kwa jirani mwenye kisima, shilingi 5 kwa mtungi wa lita 20. Mtu anayelipa kwa mtungi ukimwambia "mengi" hujamwambia kitu.

Kipimo kipo, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mvua hupimwa kwa milimita, na milimita moja ya maji ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hivyo kwangu milimita moja ni lita 200, mitungi 10. Mwenye ekari moja, milimita moja kwake ni kama lita 4,000. Sasa swali la "maji kiasi gani" linageuka kuwa swali ambalo mtu anaweza kulijibu: shamba limepoteza milimita ngapi tangu mara ya mwisho lilowe?

Linapoteza kwa njia mbili. Maji mengine huvukizwa na jua moja kwa moja kutoka kwenye udongo, mengine hupanda kutoka mizizini na kutokea kwenye majani. Mambo yanayoamua kasi yake ni manne: nguvu ya jua, joto, ukavu wa hewa na upepo. Mwingereza Howard Penman aliyaunganisha kwa hesabu mwaka 1948, John Monteith akaiboresha, na mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likaichukua hesabu hiyo kuwa kipimo cha dunia nzima. Ndani yake wameweka nyasi za kubuni, za kijani, zenye urefu wa sentimita 12, zisizokosa maji kamwe. Wakisema nyasi hizo zimetumia milimita 5 leo, hiyo ndiyo kiu ya siku.

Hapa Nairobi, Februari ya jua kali, kiu hiyo huwa karibu milimita 5 kwa siku. Julai, wakati jiji zima limevaa makoti na jua halionekani hadi saa sita, hushuka hadi karibu 3. Kutoka hapo unazidisha kulingana na mmea na umri wake. Mboga za jamii ya kabeji, sukuma ikiwemo, zikishafunika ardhi unazidisha kwa 1.05, spinachi kwa 1.00, nyanya zilizokomaa na kubeba matunda kwa 1.15. Zikiwa changa, nyingi huanzia 0.6 au 0.7. Namba hizi FAO wamezichapisha, na yeyote anaweza kuzipata bila kulipa senti.

Basi tupige hesabu ya Februari, kana kwamba mita zote 200 ni sukuma iliyokomaa. Milimita 5 mara 1.05 ni 5.25, mara mita 200, ni lita 1,050 kwa siku: mitungi 52 na nusu, karibu shilingi 260. Julai ni 3 mara 1.05 mara 200, lita 630, mitungi 31 na nusu, chini ya shilingi 160. Ploti ni ile ile, sukuma ni ile ile, mkulima ni yule yule, na tofauti kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 3,000. Ushauri wa asubuhi na jioni haujui kama ni Februari au Julai.

Na hizo ni lita zinazotakiwa kufika mizizini. Ukimwaga kwa mifereji, FAO huhesabu kwamba asilimia 60 tu ndiyo itakayofika. Kwa mipira ya matone, asilimia 90. Ili 1,050 zifike, mwenye mifereji atatoa lita 1,750 na mwenye mipira ya matone atatoa kama 1,170. Sitaki kuwapigia debe wauza mipira, maana nao wana uongo wao, lakini hesabu ni hesabu.

Sasa nije kwenye udongo, ambako ndiko ugomvi wangu mkubwa ulipo na ushauri wa kila siku. Wengi wanaotufundisha kilimo redioni huzungumza kama watu wa Kikuyu na Limuru, wenye udongo mwekundu unaomeza maji na kuyapitisha vizuri. Huku kwetu, kuanzia Embakasi hadi Ruai na kuendelea, tuna ule udongo mweusi unaonasa magari msimu wa mvua na kupasua kuta za watu waliojenga msingi mfupi. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Ukimwaga maji juu ya nyufa hizo, ya kwanza yote hutokomea chini, mbali na mizizi, na wewe unafikiri shamba lina kiu ya ajabu. Baadaye udongo unavimba, nyufa zinafunga, na kuanzia hapo haupokei tena ila kidogo kidogo, milimita chache tu kwa saa. Ukiendelea kumwaga, maji yanakaa juu.

Lakini ukishakunywa, udongo huu huweka akiba. Mita moja ya kina ya udongo mzito wa mfinyanzi hushika kati ya milimita 120 na 200 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia; mchanga hushika kati ya 50 na 110. Mizizi ya sukuma yangu nimeichimba mwenyewe, na mingi iko ndani ya sentimita 40 za juu. Tukichukua 150 kwa mita, sentimita 40 zina akiba ya milimita 60. Mimea ya jamii ya kabeji haifai kuachwa imalize zaidi ya asilimia 45 ya akiba hiyo kabla ya kuongezewa, yaani milimita 27. Kwa matumizi ya 5.25 kwa siku, milimita 27 ni siku tano. Siku tano, Mhariri, katikati ya Februari! Spinachi ni laini zaidi, haivumilii hata robo ya akiba iishe, kwa hivyo hiyo hupata maji kila baada ya siku mbili. Kwenye mchanga wa milimita 80 kwa mita hata sukuma haingefika siku ya tatu. Miche iliyohamishwa jana, ambayo mizizi yake haijafika popote, ni jambo jingine kabisa. Hiyo ndiyo ya kupewa kidogo kidogo kila siku mpaka ishike.

Asiyeamini achukue jembe. Siku ya nne baada ya kunyunyizia, mimi huchimba shimo dogo pembeni ya shina, kina cha shubiri mbili. Juu utakuta vumbi la kijivu na vipande vigumu kama vigae, na hapo ndipo mtu anapopata hofu na kukimbilia mpira. Teremka sentimita 10. Rangi inageuka kuwa nyeusi. Teremka tena hadi 20, chota donge, libane kati ya kidole gumba na cha shahada: linanyooka na kuwa utepe mrefu, na linaacha unyevu kwenye ngozi. Huko ndiko mmea unakokula. Likianza kukatika kabla utepe haujatokeza, siku imefika.

Kijana mmoja jirani yangu hunyunyizia kila jioni bila kukosa, akitoka kazini, mpira mkononi na simu kwenye sikio. Sukuma zake zikawa za manjano kuanzia majani ya chini. "Shosh, hizi zinataka mbolea," akaniambia, akanunua mbolea. Zikazidi umanjano. Nilimwomba ruhusa nichimbe kidogo, na nilipofika kina cha kiganja tope lilinuka kama mtaro. Mizizi nayo inapumua; kwenye udongo wetu ukijaza maji kila siku unaifungia hewa, na mbolea unayoongeza haina wa kuila. Alikuwa akinunua maji ya kuua mboga na mbolea ya kuzifufua, kwa pesa ile ile ya mshahara. Sasa hunyunyizia Jumatano na Jumapili, na simu bado iko kwenye sikio.

Daftari langu lenyewe si kitu cha ajabu. Ni lile la shule lenye mistari, nimeliendesha kama leja ya stoo: safu ya tarehe, ya kilichoingia kwa mvua, ya kilichoingia kwa mtungi, ya kilichotoka kwa jua, na ya baki. Baki ikishapungua kwa milimita 27, naagiza maji. Wiki ya mawingu siagizi, hata kama majirani wote wanavuta mipira.

Kuhusu mvua kuna tahadhari moja. Si kila tone huhesabiwa. Manyunyu ya usiku huishia kwenye majani na kukauka kabla ya saa nne; mvua ya kishindo nayo hukimbilia mtaroni. Kwa ardhi tambarare kama ya Ruai, FAO wana kanuni ya kukadiria: mwezi ukipata zaidi ya milimita 75, chukua asilimia 80 yake kisha utoe 25, ukipata chini ya hapo, chukua asilimia 60 utoe 10. Mwezi wa milimita 100 unakupa 55 za kweli. Mwezi wa milimita 50 unakupa 20 tu, na watu wakasema mvua imenyesha. Paa ndilo lisilodanganya sana. Mabati ya mita za mraba 60 yakipata milimita 10 yanateremsha lita 600, na hata ukipoteza kiasi kwenye mifereji bado ni zaidi ya mitungi 25 usiyolipia. Mvua za Aprili mimi huacha pia zioshe udongo, maana maji ya kisima cha jirani yana chumvichumvi na chumvi hujilimbikiza.

Safu inayonisumbua ni ile ya jua. Tarakimu za Februari na Julai nilizotaja ni za wastani, na wastani haujui kwamba wiki hii imekuwa na upepo wa ajabu au kwamba Oktoba hii mawingu yamechelewa. Nimejaribu kujipimia. Vituo vya hali ya hewa vina dishi maalumu la bati, kipenyo sentimita 120.7, kina sentimita 25, limeinuliwa juu ya fremu ya mbao. Kila asubuhi hupimwa maji yamepungua kiasi gani, kisha unazidisha kwa karibu 0.7 kupata kiu ya zile nyasi. Mimi nina sufuria ya kupikia ugali wa matanga, yenye kuta zilizosimama wima, na rula ya mjukuu niliyoifunga kwa waya ndani yake. Nimeifunika kwa wavu wa kuku, baada ya kugundua kwamba kuku wenyewe wanakunywa kipimo changu. Hata hivyo sufuria ndogo hupata moto ubavuni na kukausha maji haraka kuliko dishi la kweli, na wavu nao hupunguza. Inaniambia kwamba wiki hii ni kavu kuliko ile iliyopita. Haiwezi kuniambia ni milimita 4 au 5, na milimita moja kwangu ni mitungi 10.

Ndipo ombi langu. Kila siku mnachapisha utabiri: Nairobi digrii fulani mchana, digrii fulani usiku, manyunyu hapa na pale. Idara ya Hali ya Hewa iko papa hapa Dagoretti Corner, ina vituo Wilson na uwanja wa ndege wa JKIA, na hutoa taarifa ya wakulima ya kila siku 10, kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho mama wa mboga hatakisoma hata ukimlipa. Hesabu ya Penman inahitaji jua, joto, unyevu wa hewa na upepo, na vituo vya hali ya hewa viko pale kwa kazi hiyo hasa. Waombeni namba mbili kwa wiki, mtuwekee chini ya utabiri wa Jumatatu: kiu ya wiki iliyopita na mvua ya wiki iliyopita, kwa milimita. Kwa mfano tu, Dagoretti kiu 28, mvua 12. JKIA kiu 33, mvua 4. Namba mbili kwa vituo viwili, kwa sababu Dagoretti iko juu na ina mvua zaidi, na huku mashariki ni chini na pakavu; anayelima Ruai kwa namba ya Dagoretti atanyima mboga maji.

Mtasema wasomaji hawataelewa milimita. Wasomaji wenu wanaelewa odi za mechi za Uingereza hadi nukta mbili. Mama anayeuza sukuma kwa mafungu pale stejini anakokotoa faida kichwani huku akikatakata na kumchekesha mteja. Mpeni namba na kanuni moja, milimita ni lita kwa mita ya mraba, mengine atayamaliza mwenyewe.

Mwingine ataandika kuuliza kwa nini tunyunyizie mboga hata kidogo, ilhali mitaa inapata maji kwa zamu. Ni swali la haki. Bwawa la Ndakaini likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70, na likipungua mnaliweka ukurasa wa mbele. Lakini Kaunti yenyewe ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, kwa hivyo kulima jijini hakutaondoka, na anayepima hutumia kidogo kuliko anayekisia. Wale wanaonyunyizia mboga kwa maji taka ni habari nyingine, na nikianza hapo barua hii haitatosha gazetini.

Ombi hili halihitaji mtaalamu mpya wala ukurasa mpya, ni mistari miwili tu. Na kama nafasi ndiyo shida, ukurasa ule ule mna nyota zote kumi na mbili za watu, kila siku. Mimi ni wa Februari, nyota yangu ni Ndoo, nami kwa ridhaa yangu naitoa kila Jumatatu.

Mkulima wa mboga,
Ruai, Nairobi